Mainasi Niliyoileta Mimi

Mainasi ililetwa chuoni kwetu na mimi. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu miaka hii miwili nimekuwa hodari wa kulisema kwa namna nyengine: "kikao kiliamua", "utaratibu ulibadilika", "mfumo ulipoanza". Kikao chenyewe kilikuwa na watu saba, na sita kati yao walikuwa wanataka kwenda kuswali alasiri.

Chuo chetu ni kidogo. Kipo Mji Mkongwe, ndani ya nyumba ya zamani ya ghorofa tatu, ngazi zake zimelika katikati kwa kukanyagwa, na paa huvuja kila masika pale pale lilipovuja masika yaliyopita. Tunafundisha kazi za hoteli: mapishi, usafi wa vyumba, mapokezi. Wanafunzi wetu wengi hawakutoka skuli jana. Ni watu wazima wenye kazi na watoto, wanakuja siku tatu kwa wiki na sare zao wamezikunja ndani ya mfuko. Mimi nafundisha mapokezi, yaani namna ya kumkaribisha mgeni, kumsikiliza, na kumtuliza pale mambo yanapokwenda kombo.

Kabla ya kikao kile tulikuwa tukitoa herufi tupu, bila plasi wala mainasi nyuma yake. Hamsini mpaka hamsini na tisa ilikuwa C, basi, C. Sitini mpaka sitini na tisa ilikuwa B. Nilikuwa na kinyongo na herufi hizo tangu nilipokuwa mwanafunzi mwenyewe, mwaka nilipopata sitini na tisa na jirani yangu wa dawati akapata sitini, tukapewa B sote wawili, naye akaniambia, "Tumelingana." Mimi ni mtu wa kuweka. Neno lile nililiweka miaka mingi, na siku nilipopata nafasi ya kulitoa nililitoa mbele ya kikao.

Nilizungumza vizuri, sina haja ya kujificha. Nilieleza kwamba haki ni kumpa kila mtu kipimo chake. Nikawatolea mfano wa mama yangu, aliyekuwa akiuza mchele kwa kibaba, na kila akishapima huongeza ukufi mmoja juu. Nikasema plasi ndiyo ule ukufi: mwanafunzi aliyejitahidi zaidi aone nyongeza yake kwa macho. Wenzangu wakaitikia kwa vichwa. Mwalimu wetu wa mapishi, bibi aliyetuzidi sote umri, akasema pole pole, "Nyongeza naijua. Lakini sijapata kumuona muuza mchele anamwita mteja akamwambia, njoo, hiki nnachokupa ni kibaba kasoro."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, kwa meno tu. Muadhini akaanza, viti vikasogezwa, na katika zogo lile nikaongeza sentensi moja: kwamba kwa wanaotaka kuendelea na stashahada, inayotaka C kwa kila somo, C mainasi isihesabiwe kuwa C. Hakuna aliyepinga. Mmoja alikuwa ameshashika viatu vyake mkononi. Katibu akaandika, na utaratibu ukaanza mwaka ule ule.

Lililosahaulika, na aliyepaswa kulikumbuka ni mimi, ni kwamba muhula wa kwanza ulikuwa umeshapita. Kazi zake zilikuwa zimeshasahihishwa kwa mkono wa zamani. Na mkono wangu wa zamani ulikuwa hivi: nikishajua kuwa mtu ni wa C, hamsini na moja au hamsini na nane kwangu ni mamoja. Nilisahihisha kwa jicho. Nilisoma mwanzo, nikapitisha macho katikati, nikatia alama, nikachukua karatasi ya pili. Herufi haikubadilika, kwa hivyo hakuna aliyeumia, na mimi niliwahi kupika.

Sasa nimtaje aliyeumia. Alikuwa mwanamke wa Matemwe, umri wake thelathini na kitu, mama wa watoto watatu. Asubuhi alikuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya huko kwao, na siku za bamvua, maji yanapotoka mbali, alilima mwani na wenzake. Darasani alikaa safu ya pili karibu na dirisha, akiandika kwa kuinamia daftari kabisa, kama anayeshona. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga lakini hakikuwa na woga. Hoteli yake ilikuwa imemwahidi kitu kimoja: akionyesha karatasi kuwa ameandikishwa stashahada, atatolewa vyumbani na kuwekwa mapokezi. Jambo hili tulilijua darasa zima, kwa sababu kila nikiuliza swali la mapokezi yeye hujibu, "Mimi hapo nitasema hivi," kama kwamba ameshakaa nyuma ya meza ile.

Matokeo yalipobandikwa, masomo yake yote yalikuwa na C na B, isipokuwa langu. Langu lilikuwa na hamsini na mbili. Hamsini mpaka hamsini na mbili ndiyo C mainasi. Alisimama mbele ya ubao, akaweka kidole chini ya jina lake, akakipeleka pole pole mpaka mwisho wa mstari. Kisha akaja kwangu.

"Mwalimu, hichi kijistari ndo nini?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo nimefaulu, lakini siendelei."

"Ndivyo, mwanangu. Alama moja tu imekupungukia."

"Haya, mwalimu. Alhamdulillahi." Akafunga mfuko wake akashuka ngazi. Sikuwa na wasiwasi wowote siku ile. Nilimuonea huruma, huruma ile nyepesi ya mtu aliye juu ya ngazi.

Wiki hiyo hiyo mwalimu mwenzetu, kijana anayefundisha usafi wa vyumba, aliomba kikaoni mwanafunzi wake mmoja aongezwe alama mbili, kwani alikuwa amekosea kujumlisha. Nikamkatalia mbele ya wote. "Matokeo yakishabandikwa yamebandikwa," nilimwambia. "Tukifungua mlango huu hatutaufunga." Mkuu wa chuo alikubaliana nami. Yule kijana aliinamisha kichwa, na mimi nikaona nimesimamia haki.

Mvua ilipoanza kuvuja juu ya kabati la karatasi, nilipanda kuzihamisha. Nilikuwa nazipanga sakafuni, zilizorowa huku na zilizo kavu huku, nikakutana na kazi yake ya muhula wa kwanza. Niliijua kwa mwandiko. Juu yake nilikuwa nimeandika tisa kwa wino mwekundu, tisa juu ya ishirini, na pembeni nimeandika, "Hukumaliza." Nikaigeuza, bila sababu yoyote, labda kuona kama maji yameingia. Nyuma kulikuwa na ukurasa mzima.

Nilikaa pale pale sakafuni nikausoma. Swali lilikuwa: mgeni amefika na chumba chake hakiko tayari, utafanya nini? Ukurasa wa mbele alikuwa ameeleza kanuni, kwa kukwama kwama. Nyuma ndiko alikojibu. Aliandika kuwa kwanza atakubali kosa, hata kama si lake. Hatamweleza mgeni kuwa mashine ya kufulia imeharibika wala kuwa wafanyakazi ni wachache. "Mgeni hataki sababu," aliandika kwa Kiingereza chake kile, "anataka chumba." Kisha akapanga hatua moja moja: nani wa kumpigia, kipi cha kumpa mgeni anywe, dakika ngapi za kumwahidi, na kurudi kwake kabla dakika hizo hazijaisha. Ilikuwa kazi ya alama kumi na nne, nikibana sana mkono. Nikajumlisha pale sakafuni. Hamsini na saba. Hakuwa C mainasi, wala hakuwa C tu. Alikuwa C plasi.

Mtu mwema angeshuka ngazi ile ile dakika ile ile. Mkuu wa chuo alikuwa ofisini, nilimsikia akizungumza na simu. Mimi nilikunja karatasi, nikaitia ndani ya mkoba wangu, nikaendelea kuzipanga nyengine. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake nikamkuta yule kijana wa usafi wa vyumba mlangoni, akaniamkia kwa heshima, na ulimi ukanifa. Mkuki kwa nguruwe. Ningesimama vipi mbele yake niseme kuwa mlango niliomfungia yeye sasa nataka kuufungua kwa ajili yangu? Nilikaa na karatasi ile wiki tatu. Mkoba nikibadilisha, naihamisha na yenyewe, pamoja na funguo na tasbihi. Darasa la stashahada likaandikishwa. Nikanyamaza. Likaanza. Nikanyamaza.

Shaabani ikafika mwisho. Kwetu siku hizo watu huombana radhi kabla ya kuanza kufunga: jirani kwa jirani, mke kwa mume, na siku hizi kwa simu, ujumbe mmoja unatumwa kwa watu mia. Kila mwaka mimi huliandikia kundi la darasa, na mwaka ule niliandika kama kawaida: wanafunzi wangu, kama kuna niliyemkosea kwa kujua au kwa kutojua, naomba anisamehe, na mimi nimewasamehe nyote. Nilipoandika "kwa kujua" kidole kilisita, kisha kikaendelea. Majibu yakaanza kumiminika. La kwanza kabisa lilikuwa la yule wa Matemwe.

"Nshakusamehe mwalimu wangu. Nawe nisamehe. Ramadhani njema."

Nilijisikia mwizi. Afadhali mwizi, yeye huchukua kilichoachwa wazi. Mimi nilikuwa nimembishia mtu hodi, nimemwomba kwa adabu, naye akanipa bila kujua amenipa nini. Nilisoma chuo cha Kurani kama watoto wote wa mtaa wetu, na jambo hili tulifundishwa tukiwa wadogo: haki ya mja haisamehewi mpaka mwenyewe asamehe, na mwenyewe hawezi kusamehe asichokijua. Nilifunga siku mbili za mwanzo nikiwa na jibu lile ndani ya simu na karatasi ile ndani ya mkoba. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Nikaazima gari ya kaka yangu nikenda Matemwe.

Njia nzima nilijipangia maneno. Kwao nikaambiwa maji yametoka, yuko pwani. Nikavua viatu, nikakusanya buibui mkononi, nikatembea juu ya mchanga mgumu wenye vidimbwi mpaka nikawaona wanawake wamekaa kwenye maji mafupi wakifunga mwani kwenye kamba. Alinitambua mbali. Akainuka, akajifuta mikono kwenye khanga yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Kuna msiba?"

Nikasema hakuna msiba. Tukasogea pembeni na wenzake, nikamtolea karatasi. Kisha nikamweleza, na nilieleza kweli kweli. Nilimweleza kuwa muhula wa kwanza tulikuwa bado tunasahihisha kwa mtindo wa zamani. Nilimweleza kuwa nilikuwa na madarasa mawili mwaka ule, kuwa karatasi zilikuwa nyingi, kuwa kikao kilikwenda haraka, kuwa paa lilivuja. Nilimweleza hata kuhusu yule kijana na alama zake mbili. Yeye alikuwa ameishika karatasi kwa ncha za vidole asiirowanishe, akisoma ukurasa wake mwenyewe. Alikuwa amefunga, jua limemkalia kichwani, na mimi nilikuwa naendelea kusema.

Nilipomaliza akauliza, "Kwa hivyo nilifaulu?"

"Ulifaulu. C plasi."

"Na darasa la stashahada?"

"Limeanza. Wiki ya pili sasa."

"Mkuu wa chuo anasemaje?"

"Bado sijamwambia."

Akainua macho kutoka kwenye karatasi. "Nani anajua?"

"Mimi," nikasema. "Na wewe."

Hapo ndipo nilipojiona. Nilikuwa nimeendesha gari kutoka mjini na maneno ya robo saa, na sikuwa nimeandika barua ya mistari mitatu. Nilikuja na mashine ya kufulia iliyoharibika. Nilikuja na wafanyakazi wachache. Chumba sikuja nacho. Yeye hakulisema hilo, na sina hakika kama alilifikiria, lakini ukurasa ulikuwa mkononi mwake na mimi niliusoma mara nyingi kuliko yeye.

Nikamwomba radhi kwa jina la kosa lenyewe: nisamehe kwa kutogeuza karatasi yako, na nisamehe kwa kuificha. Alitazama upande wa maji. Yalikuwa yameanza kurudi.

"Nshakusamehe, mwalimu," akasema. "Karatasi ichukue wewe, huku itarowa. Wacha niwahi kumaliza kamba hii."

Nasema kweli, kwa sababu bila ya hili maelezo yangu yote hayana maana: nilirudi mjini mwepesi. Nilifuturu kwa raha siku ile kuliko zile mbili za mwanzo. Nilikula mpaka kaka yangu akanitania.

Jumatatu niliandika barua. Mkuu wa chuo aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Wewe?" Neno moja tu. Kikao kikaitwa. Nikasimama mbele ya wale wale nikasema niliyoyafanya, na mwalimu wa mapishi akanitazama kwa huruma iliyoniuma kuliko karipio. Yule kijana wa usafi wa vyumba hakunitazama kabisa. Alama ikarekebishwa. Na alama mbili za mwanafunzi wake nazo zikarekebishwa, nashukuru kwa hilo. Lakini mpaka barua ipite kila mkono wa kupita, Ramadhani ilikuwa imekwisha na Idi imepita, viti vya stashahada vimejaa na mafunzo ya mwanzo yamekwenda. Akaambiwa aje mwaka unaofuata, nafasi yake itawekwa.

Nafasi iliwekwa. Yeye hakuja. Nilimpigia simu wiki ya uandikishaji, nikamwambia kiti chake kinamngoja.

"Cheti nnacho, mwalimu, kizuri, nimekitia kwenye plastiki," alisema. "Lakini mapokezi walishamuweka mtu. Hawakuweza kungoja mwaka. Sasa hiyo stashahada ntatandikia vitanda?" Akacheka kidogo. Nami nikacheka, na nilipokata simu nilijuta kucheka.

Niliomba kikaoni mainasi iondolewe. Walikataa. Walikuwa wameshaizoea, na mkuu wa chuo alisema, kwa maneno niliyoyatambua kuwa ni yangu mwenyewe, kwamba haki ni kumpa kila mtu kipimo chake. Mwalimu wa mapishi peke yake ndiye aliyenyoosha mkono pamoja nami, naye kastaafu mwaka jana. Mainasi iko, inafanya kazi, na wanafunzi wanaiogopa. Mimi nageuza kila karatasi sasa, hata ile ambayo naona kwa mwanga kuwa nyuma ni tupu. Wanafunzi wanalalamika kuwa nachelewa kurudisha kazi. Wana haki.

Ujumbe wa Shaabani siliandikii tena kundi. Mwaka wa kwanza nilimwandikia yeye peke yake, sikupata jibu, nikajiambia huenda simu haina chaji, huenda amebadilisha laini. Mwaka huu sikuandika. Yeye ndiye aliyeandika, juzi, saa nne asubuhi, nikiwa darasani nimesimama mbele ya ubao. Niliusoma baada ya wanafunzi kutoka.

"Asalaam alaykum mwalimu wangu. Ramadhani imekaribia. Siku ile pwani nlikwambia nshakusamehe. Nlisema kwa mdomo, maana ulikuja kwa miguu mitupu, mtu mzima, na mimi nlikuonea haya. Moyoni sikusamehe. Kwa hivyo nlikudanganya, tena na saumu yangu. Naomba unisamehe kwa uongo huo."

Niliusoma nikasimama, nikausoma nikakaa. Nilitafuta ndani yake sentensi moja nyengine, ile ya kuniambia kuwa sasa, baada ya muda wote huu, moyo umetulia. Nilipanda juu na chini kwa kidole kama yeye alivyokipeleka kidole chake siku ya ubao. Haikuwemo. Nilianza kumjibu kwa kirefu, nikaeleza, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta tena.

Mwisho nilimwandikia, "Nshakusamehe, mwanangu." Msamaha wangu mimi sikuuomba.